Yai Zima la Punje

Kila kulipokucha, kabla jua halijapata nguvu ya kukausha umande, Mama Mayai alikuwa amekwisha kuinama na kuingia katika banda la kuku lililoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Aliingia kwa mwendo wa pole, kama mtu aingiaye chumba alimolala mgonjwa, maana kuku wake aliwajua: ukiwashtua leo, kesho wanakununia. Alipenyeza mkono chini ya kila mtetea, akayatoa mayai yangali na joto, akayafuta moja moja kwa kitambaa safi, kisha akayapanga kwenye trei, ncha chini. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika zamani. Mtaa mzima ulimwita Mama Mayai, naye aliitika kwa furaha, kwa kuwa kazi hiyo aliianza na mitetea miwili tu, na sasa banda lilikuwa na kuku arobaini.

Hapakuwa na yai lisilo na mwenyewe. Mgahawa wa kona ulichukua yake, jiko la shule ya bweni likachukua yake, na jirani yake, fundi cherehani, alituma kuchukua mawili kila siku kwa ajili ya mwanawe. Hata yai lililopata ufa lilikuwa na mwenyewe: mwoka mikate alilivunja katika unga wake siku hiyo hiyo, wala hakuuliza lilipasukia wapi.

Pembeni mwa banda, juu ya kipande cha mkeka, alikaa binti wa pekee wa Mama Mayai, mtoto wa miezi ishirini. Walimwita Punje, kwa sababu siku aliyozaliwa, baba yake, seremala, alimpokea mikononi akasema, "Punje moja tu, lakini imenijazia ghala." Mbele ya Punje paliwekwa kikombe cha uji mweupe, mwepesi kiasi cha kuonyesha chini ya kikombe. Punje aliunywa, tumbo likatuna kama ngoma, kisha akatulia tuli akiwatazama kuku. Hakulia, hakugusa hiki wala kile.

"Mwanangu hana usumbufu," mama alijisifu kwa majirani. "Mpole kama maji ya mtungini."

Mtu asiyemjua angedhani mama huyu ni mchoyo. La hasha. Yeye mwenyewe alitolewa shuleni akiwa darasa la nne, na tangu siku hiyo kila alipoona karatasi yenye maandishi mengi alijihisi kama mtu aliyefungiwa mlango mvua ikinyesha. Aliapa kwamba mwanawe atasoma mpaka walimu waishiwe la kumfundisha. Kila trei ilipotoka nje, alimwinamia mtoto na kumnong'oneza, "Hii ndiyo shule yako, mama." Basi yai katika nyumba ile lilikuwa la kuuzwa. Kulila ilikuwa kama kurarua daftari.

Mchana mmoja fundi cherehani aliingia uani na furushi kifuani, huku mwanawe, Bonge, ameng'ang'ania pindo la gauni lake.

"Jirani, nimekuletea nguo za Punje," alisema. "Hazijachakaa hata kidogo, ila huyu mwenzake hazimwingii tena. Nimeshona na maua kifuani ili zipendeze kwa mtoto wa kike."

"Mungu akuzidishie, mwenzangu," alijibu Mama Mayai, akamvisha Punje blauzi moja papo hapo. Ilimkaa sawasawa. Mikono iliishia kwenye vifundo, kola ikalala vizuri shingoni. Mama akapiga makofi. Akapiga la pili, lakini la tatu halikufika. Viganja vyake vilibaki vimetazamana hewani.

Bonge alizaliwa miezi mitano baada ya Punje. Mama Mayai ndiye aliyemshika fundi mkono siku uchungu ulipomwanza, na Punje alikuwa mgongoni mwake, tayari shingo imekaza. Iweje leo nguo zilizomkataa mdogo zimpendeze mkubwa?

Fundi, ambaye macho yake yalizoea kupima watu bila kuomba ruhusa, aliliona wazo hilo likipita usoni mwa mwenzake. Akaharakisha kusema, "Sabuni za siku hizi hazifai, jirani! Zinasinyaza nguo vibaya sana. Hiyo blauzi ilikuwa pana kama hema." Ulikuwa uongo, lakini uongo ulioshonwa kwa uzi wa huruma.

Wakati huo Bonge alikuwa amekwisha kupanda juu ya ndoo iliyofunikwa, ananyoosha kidole na kupiga kelele, "Kuku! Kuku! Njoo!" Punje alimfuata kwa macho tu, kimya.

Jioni, Mama Mayai alimweleza mama mkwe wake, Bibi, ambaye waliishi naye nyumba moja.

"Usijitafutie ugonjwa wa moyo, mwanangu," Bibi alimwambia. "Ukoo wetu ni wafupi. Huyo mume wako akisimama nyuma ya meza yake ya kurandia, wateja wanaona kofia, wanaulizana nani kaitundika hapo."

Seremala alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kweli, mke wangu. Kofia ndiyo inayonipokelea kazi."

Mama Mayai naye alicheka, lakini macho yake yalirudi kwenye ile blauzi.

Siku ya kliniki ilipofika, alimbeba Punje mgongoni na trei ya mayai mkononi, maana akitoka huko alitaka kupitia mgahawani. Mwuguzi waliyemzoea alikuwa amehamishwa. Badala yake walimkuta mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa uzi kifuani, ambaye wanawake walikwisha kumbandika jina la Nesi Futi. Wenzake waliridhika na mizani, lakini yeye hakumwacha mtoto aondoke bila kumlaza juu ya ubao wa kupimia urefu. Mama Mayai aliisukuma trei chini ya benchi, akamlaza mwanawe ubaoni, akamshika kichwa kama alivyoelekezwa. Punje hakupapatika hata kidogo.

Nesi Futi alisoma kipimo, akarudia kusoma. Akavaa miwani, akasoma mara ya tatu.

"Sentimita sabini na tano," alisema taratibu. "Mama, uzito wake si mbaya sana, ndiyo maana hakuna aliyekushtua. Lakini urefu huu ni wa mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Huyu amedumaa."

Neno hilo lilimpiga Mama Mayai kama kofi. "Ukoo wa baba yake ni wafupi," alijitetea.

"Inawezekana. Ufupi wa ukoo upo, siukatai. Ila niambie, anakula nini?"

"Uji asubuhi. Mchana uji. Jioni viazi vya kuponda na mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Mchuzi tu, wa nyanya." Kisha akaongeza upesi, "Lakini anashiba, nesi! Mwanangu hajalala na njaa hata siku moja."

"Anashiba nini?"

Mama Mayai aliivuta nguo ya mwanawe, akamfunika tumbo.

"Gunia ukilijaza pumba, nalo limejaa," Nesi Futi alisema, na sauti yake haikuwa ya kusuta. "Tumbo lake linashiba, mifupa yake inalala njaa. Ubongo wake nao vivyo hivyo. Ndiyo maana ametulia hivi. Mtoto wa umri wake angekuwa amekwisha kuning'oa miwani." Akainama kuokota kalamu iliyoanguka, na hapo macho yake yakakutana na trei chini ya benchi. "Haya ya nani?"

"Ya wateja. Mimi nafuga kuku."

"Na ya huyu yako wapi?"

"Ya huyu ni..." Chozi lilikuwa limekwisha kumlengalenga. "Ya huyu ni shule, nesi. Nauza ili asome. Mimi sikusoma."

Nesi Futi alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana. "Shule yake imeanza tayari, mama. Imeanza tangu alipokuwa tumboni. Akili atakayoingia nayo darasani inajengwa sasa hivi, katika miaka hii miwili ya kwanza, na huijengi kwa maji na unga." Akamshika Punje kidole. "Usidhani nakucheka. Mwanangu wa kwanza ana miaka ishirini na sita, na kichwa chake kinafika hapa." Akagusa bega lake mwenyewe. "Mchana kutwa nilikuwa nawafundisha wanawake wengine kulisha watoto. Wangu nilikuwa nimemwachia yaya chupa ya chai na mkate. Hakuna aliyenipimia. Nilipokuja kushtuka, alikuwa na miaka sita, na mlango ulikuwa umefungwa."

"Na wa huyu?" Mama Mayai aliuliza.

"Wa huyu umerudishwa tu, haujafungwa. Amebakiza miezi minne atimize miaka miwili. Siwezi kukuahidi kwamba atawafikia wenzake, lakini tusukume."

Akamweleza: yai moja kila siku, lililoiva vizuri. Na yai peke yake si muujiza, hivyo uji uwe mzito na uchanganywe na karanga zilizosagwa, maharage yapondwe, dagaa watwangwe, mboga za majani na matunda visikose, tena mikono ioshwe kabla ya kumlisha. Mama Mayai aliyarudia yote kwa mdomo, kwa kuwa kuandika kulimchukua muda mrefu.

Nyumbani, habari ya yai ilizusha mzozo.

"Yai? Kwa mtoto huyu?" Bibi alishangaa. "Tangu lini? Mtoto mdogo akila mayai ulimi unakuwa mzito, hasemi!"

"Mama," Mama Mayai alijibu kwa adabu, macho chini, "Punje hajala hata moja, na hasemi."

Bibi akamgeukia mwanawe ili amsaidie. Lakini seremala alikuwa akitazama vidole vyake.

"Mama, unawakumbuka wale kuku wetu wekundu?" aliuliza. "Nilikuwa nakibeba kile kikapu cha mayai njia nzima mpaka sokoni. Nilikuwa nimekikumbatia hivi. Kila hatua nilikuwa naomba moja lianguke, nipate kulilamba."

Bibi alivuta ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Na mimi nilikuwa naomba lianguke," alisema hatimaye, "nipate sababu ya kukupa. Lakini ulikuwa mtoto mwangalifu mno, baba. Halikuanguka hata moja." Alimtazama mwanawe kuanzia kofiani hadi miguuni, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Nilidhani sisi ni wafupi tu."

Seremala alisogea akaketi karibu naye, akamwegemea bega. Hapana aliyemlaumu Bibi. Hakuwa na kosa lolote zaidi ya kukosa mtu wa kumwambia.

Asubuhi iliyofuata, Mama Mayai alibandika maji ya kuchemshia yai la kwanza. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa umechagua lenye ufa. Alikuwa karibu kulitumbukiza sufuriani Bibi alipotokea mlangoni.

"Hilo la nani?"

"La Punje, Mama."

"Na yale mazima?"

"Ya wateja."

Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye trei, akayapapasa mayai kama anayechagua embe, akalitoa lililokuwa kubwa kuliko yote, halina doa wala mkwaruzo. "Watu baki wapate zima, mjukuu wangu apate la ufa?" alisema. "Chemsha hili. Hilo jingine mpelekee mwoka mikate, ndiye aliyelizoea." Mama Mayai aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini ilikuwa aibu tamu, kama ya mtoto anayesahihishwa na anayempenda. Tangu siku hiyo yai la Punje lilitoka kwanza, ndipo trei zikapangwa. Mwenye mgahawa alipolalamika kwamba trei yake ina pengo, alijibiwa, "Pengo hilo lina mwenyewe, kaka. Kesho litakuja lako."

Punje mwenyewe hakuwarahisishia kazi. Tonge la kwanza alilitema. La pili likaishia kwenye kidevu. La tatu lilimwingia Bibi jichoni. Bibi hakukata tamaa, aliponda yai, akalichanganya na uji, akaimba, akaigiza sauti ya jogoo, akajilamba midomo kama aliyeonja asali. Siku ya tisa, Punje alifungua kinywa mwenyewe, kama kinda aliyemsikia mamaye akirudi. Naye seremala aliunganisha mabaki ya mbao akatengeneza makasha, akayajaza udongo na kupanda mchicha kando ya karakana yake, na kila mteja aliyeuliza alijibiwa kwamba ni dawa ya kurefusha ukoo.

Mwezi ulipokwisha, Mama Mayai alirudi kliniki mbio mbio. Ubao ulisema Punje ameongezeka nusu sentimita. Nusu tu! Na mwezi uliofuata Punje aliugua tumbo siku tano, akakonda, akakataa kila kitu isipokuwa titi. Mama alilia pale pale kwenye benchi, mbele ya watu.

"Mfupa hauna pupa," Nesi Futi alimwambia akimpa kitambaa. "Alikosa kwa miezi mingi, nawe unataka alipwe kwa mwezi mmoja? Nenda. Endelea."

Akaendelea. Hakuna aliyejua ni siku gani hasa mambo yalibadilika, kama vile hakuna ajuaye ni saa ngapi mbegu hupasuka ardhini. Ila asubuhi moja Mama Mayai aligeuka kuchukua kitambaa chake, na aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Kelele zikalipuka bandani, manyoya yakarushwa. Aliingia akikimbia, akamkuta Punje amesimama katikati ya kuku, yai limempasukia kiganjani, ute unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na kiini cha njano kimempaka kifua chote.

Ulimi wa kukaripia ulikuwa tayari. Lakini Punje alimtazama mama yake, akaliinua lile ganda juu kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba, akatamka:

"Langu!"

Lilikuwa neno lake la kwanza lililokamilika. Mama Mayai aliketi chini humo humo bandani, juu ya vumbi na manyoya, akacheka na kulia kwa pamoja. "Lako, mama," alisema akimkumbatia pamoja na uchafu wake wote. "Lako kweli." Kuanzia hapo upole wa maji ya mtungini ulikwisha. Nyumba haikupata tena raha: vijiko vilifichwa, viatu vilitupwa ndooni, na kofia ya seremala ilikutwa imetamiwa na mtetea.

Mwezi wa sita tangu kipimo cha kwanza, ilimlazimu mama ashike kichwa na Bibi ashike miguu ndipo Punje akubali kupimwa. Nesi Futi alivuliwa miwani mara mbili. Hakukasirika. Aliandika sentimita themanini na mbili.

"Bado yuko nyuma ya wenzake, sitakudanganya," alisema. "Pengine ataendelea kuwa mfupi kidogo. Lakini tazama mstari wake kwenye kadi. Ulikuwa umelala, sasa unapanda." Kisha akamgeukia Mama Mayai. "Nina ombi, mama. Wale waliokaa nje wananisikia kila wiki, masikio yao yamenichoka. Kawaambie wewe."

"Mimi? Mimi sikusoma."

"Ndiyo maana."

Mama Mayai alitoka akaenda kwenye ukumbi wenye mabenchi, Punje akimvuta gauni kutaka kushuka. Wanawake wapatao ishirini walimtazama. Hotuba aliyokuwa ameitunga kichwani iliyeyuka kama barafu juani.

"Mimi nauza mayai," alianza. "Nimewalisha watoto wa mtaa mzima. Mtoto wangu mwenyewe alifika miezi ishirini hajui yai lina ladha gani."

Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Basi wewe kiboko!" Lakini kicheko hakikudumu. Kilififia benchi kwa benchi, kila mmoja akakumbuka kilichomo katika kikapu chake na kilichomo katika kikombe cha mwanawe. Muuza ndizi alikitazama kikapu chake. Mkulima wa maharage alimpapasa mwanawe kichwani, akashusha pumzi.

Katika benchi la nyuma alikuwapo msichana mmoja muuza maziwa, kopo lake kubwa limesimama kati ya miguu, na mapajani amempakata mtoto mdogo, mtulivu, aliyekuwa akinyonya kidole. Hakumtazama mtu. Aliinama, akakifungua kifuniko cha kopo, akamimina ndani yake maziwa aliyoyachemsha asubuhi kwa ajili ya wateja, akampelekea mwanawe kinywani. Mtoto alikunywa kwa pupa, akakishika kifuniko kwa mikono yote miwili, hakutaka kukiachia. Ukumbi mzima ulimtazama akinywa, na machozi yakawatoka hata wale ambao hawakuwa na desturi ya kulia. Hapo wote walikubali, bila kuambizana, kwamba wahenga hawakukosea waliponena: mfinyanzi hulia gaeni.